Brandi ya Solange Pouydebat

Aimé Pouydebat hakujua kuonja brandi. Nimelisema, na anayetaka kununa anune. Alikuwa rafiki yangu, nililibeba jeneza lake begani, na kwa miaka tisa tangu tumzike nimekuwa nikisikia sokoni na baa jinsi mzee yule alivyokuwa na pua ya ajabu. Pua ipi? Ile pua ilikuwa imeziba tangu utotoni. Ungempa brandi ya miaka thelathini na maji yaliyochemshiwa vitunguu, angekuuliza ipi ni ipi. Mwenye pua alikuwa mkewe. Mimi nilijua, nikanyamaza, na ndiyo maana naandika haya nikiwa na hasira, nusu yake nikijikasirikia mwenyewe.

Naitwa Firmin Labadens. Kazi yangu ilikuwa kukeneka. Kila mwezi wa kumi na moja nilifunga mtambo wangu wa shaba nyuma ya trekta nikaenda nao shamba kwa shamba, kwa wale wadogo wasio na mtambo wao. Nakaa siku mbili au tatu, moto hauzimwi, mvinyo mweupe unaingia upande huu, brandi inatoka upande ule, nyeupe kama maji na kali ya kukutoa machozi. Kwa Pouydebat, kule Lespiau, nilikwenda miaka thelathini na saba mfululizo. Na miaka yote hiyo aliyesimama kwenye bomba na glasi mkononi, akinusa, akiniambia, "Punguza kuni Firmin, inatoka na haraka," alikuwa Solange.

Aimé alikuwa wapi? Kwenye njiwa. Njiwa pori wakianza kupita mwezi wa kumi kwenda kusini, wanaume wa kwetu Gaskonia hupata kichaa. Wanahamia msituni, kwenye vibanda walivyojenga juu ya miti, wanakula huko, wanakunywa huko, wananong'ona huko, na hakuna daktari anayeweza kuwatoa. Mavuno ya zabibu yanamaliziwa na wake zao. Aimé alikuwa akitokea siku ya pili ya kukeneka, manyoya yamemganda kwenye koti, wakati majirani wamekwisha kukaa mezani kando ya mtambo kula mguu wa bata na supu ya kabichi. Ananigonga mgongoni.

"Inakwendaje?"

"Vizuri."

Basi. Anachukua glasi kutoka mkononi mwa mkewe, anaiinua kwenye mwanga, anafumba jicho moja, na watu wote wanasubiri. "Hii itafika mbali," anasema. Kila mwaka hivyo hivyo. Watu wanapiga makofi, na Solange anakwenda kuongeza mkate.

Aliolewa mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini na miwili, binti wa wafuga bata kutoka ng'ambo ya mto Adour. Siku ya kwanza mama mkwe alimwambia kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake haruhusiwi kutia mguu ghalani, maana brandi itageuka. Na hakuishia kusema. Alikuwa akizihesabu siku za mkwe wake kwa penseli kwenye kalenda ya jikoni, mbele ya kila mtu, mimi mwenyewe nimeziona zile alama. Solange alinieleza baadaye kwamba siku hizo ndizo alizokuwa akichagua kuingia. "Kila mwezi, Firmin. Nilikuwa nasubiri kwa hamu. Nikae pale katikati ya mapipa nione nini kitageuka."

Kilichogeuka ni yeye. Baba mkwe alikuwa anapoteza macho, hawezi tena kusoma chaki kwenye mapipa, akahitaji mtu wa kumsomea. Aimé hakuwa na subira. Solange akawa anasoma, mzee anamtilia matone mawili kiganjani, anamwambia sugua, nusa, niambie. Miaka minne wakafanya hivyo, mpaka siku mzee aliposema plamu kavu naye akambishia kwamba hapana, ni ganda la chungwa, na mzee akanusa tena, akakubali. Tangu siku hiyo hakumuuliza mwanawe jambo lolote la ghala.

Sasa mwaka 1985. Januari ya mwaka ule baridi ilipasua miti. Mizabibu ya jirani ilikufa hadi mizizini, na ya Pouydebat ilibaki michache, ile mikongwe ya upande wa kanisa. Zabibu zilikuwa kidogo, mvinyo ukawa kidogo, na mimi nilimaliza kukeneka kwa siku moja. Mapipa matatu tu. Lakini nakumbuka Solange alivyonusa akafumba macho, halafu akasema, "Hii usimwonyeshe Aimé kwanza. Niachie kidogo iwe yangu."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mke kwa rafiki wa mumewe.

Alilea mapipa yale kama kazi nyingine yoyote ya shamba, yaani kila siku na bila shukrani. Kwanza brandi ilikaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, kisha, ilipokwisha kunywa ladha ya mbao ya kutosha, kwenye mapipa ya zamani. Brandi hupungua yenyewe, inapita kwenye mbao na kupotelea hewani, kwa hiyo matatu yakawa mawili, mawili yakawa moja, na hakuruhusu tone la mwaka mwingine liingie humo. Nayo ikiwa kali kuliko inavyofaa, inapunguzwa nguvu. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Huwezi kumwaga maji tu kwenye brandi kongwe. Unachanganya maji na brandi kidogo, unayaweka kwenye kipipa cha pembeni mwaka mzima yalale na mbao, sisi tunayaita maji madogo, halafu unayaingiza kwenye pipa kubwa kikombe kwa kikombe, unangoja miezi, unaonja, unaingiza tena. Miaka kumi inaweza kuishusha digrii tatu tu za ukali. Solange alikuwa na daftari la vikombe.

Walipotoa chupa za kwanza za 1985 zikapata medali kwenye maonyesho. Picha gazetini ilikuwa ya Aimé na bereti yake. Lebo iliandikwa Aimé Pouydebat, kwa wino wa dhahabu. Nilikuwepo jikoni siku Solange alipouliza kama jina lake lingeweza kukaa chini, hata kwa herufi ndogo.

"Jina ni la nyumba, mke wangu," Aimé akasema. "Kwani wewe si Pouydebat?"

Na sisi wanaume tuliokuwepo tukacheka. Mimi nilicheka. Nalisema ili lisije likasemwa na mtu mwingine.

Basi Aimé akafa, mizabibu ikang'olewa kwa sababu hapakuwa na wa kuilima, na mwanawe Régis, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, anauza matrekta mjini na kuja Jumamosi. Likabaki pipa moja la ile 1985. Mwaka jana wakati wa Krismasi Solange alinikalisha jikoni, akaweka glasi mbili.

"Shemeji," nikamwambia, "unaonekana una neno."

"Neno la kwanza, acha kuniita shemeji. Aimé amekufa, mimi si shemeji wa mtu. La pili, pipa hili la mwisho nataka litoke na jina langu. Moja tu, Firmin. Yale yote mengine wachukue. Hili litoke limeandikwa Solange."

Nikamwambia itawezekana. Régis naye akaapa kwamba itawezekana, na kwa kweli alihangaika. Akampata mnunuzi, Bwana Lescarret, anayekusanya mapipa ya mwisho ya mashamba madogo na kuyauza kwa majina ya wenyewe. Lescarret akakubali jina lolote. Alisema tu kwamba wateja wake hawapendi kali, digrii arobaini na mbili zingefaa, na kwamba angekuja Aprili kuonja. Pipa lilikuwa na arobaini na sita. Solange akamwambia kwenye simu, "Arobaini na sita ndiyo nguvu yake. Uje uonje kwanza, utaacha kuuliza namba." Kisha akakata.

Aprili akaja, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wakati ambao mdomo uko safi. Alikuwa mtu mpole, viatu vizuri, sauti ya mgeni hospitalini. Tulikuwa wanne ghalani: yeye, Solange, Régis na mimi. Solange alivaa gauni la buluu ambalo sikuwahi kuliona, na alikuwa ameweka ubao juu ya pipa tupu, glasi nne na kitambaa.

Lescarret hakuanza na brandi. Alifungua mkoba akatoa karatasi ndogo. "Nimeona nikuletee, mama. Ni sampuli tu."

Ilikuwa lebo. Solange Pouydebat, na chini yake, 1985. Solange alivaa miwani akaisoma, akaivua akaisoma tena kwa mbali. Akapitisha kidole juu ya herufi, ambazo zilikuwa zimenyanyuka kidogo. Hakulia, msinielewe vibaya, si mtu wa kulia. Aliiweka ubaoni, akaisogeza isilowe, akasema, "Haya, tuonje."

Régis akazamisha mrija wa kioo, akavuta, akajaza glasi. Rangi ilikuwa ileile, ya asali nyeusi. Lescarret akazungusha, akanusa, akanywa kidogo, akainua macho kwenye dari.

"Plamu," akasema. "Ngozi. Tumbaku kidogo. Halafu inakaa mdomoni. Hii kweli ni nyumba ya Aimé, mama. Mkono wake unaonekana."

Solange hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amemwaga matone kiganjani, amesugua, na uso wake umeinama kwenye mikono. Akabaki hivyo kwa muda mrefu mno. Kisha akanusa glasi. Kisha akanywa, na hakumeza. Akatema chini.

"Nani ameingia humu?"

Régis akaushika mrija kwa mikono miwili.

"Nauliza, nani ameligusa pipa langu?"

"Kuna nini, mama?" akauliza Régis.

"Inanuka sabuni. Imechujuka kama nguo iliyosuuzwa. Régis, niangalie. Umetia nini?"

Na mimi nikanywa. Alikuwa anasema kweli. Mwanzo ulikuwepo, plamu na ngozi na yote hayo, halafu katikati palikuwa na shimo, na baada ya shimo harufu ya dobi. Brandi kongwe ikimwagiwa maji kwa mkupuo hushtuka hivyo. Kila mtu wa kwetu anajua, au nilidhani kila mtu anajua.

"Maji tu," akasema Régis. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Maji safi, mama, ya chupa, nilinunua dukani. Jumamosi ile ulipokwenda sokoni. Lita kumi na moja, nilipiga hesabu vizuri, nikapima, ikafika arobaini na mbili kamili. Nilitaka asikatae. Nilitaka upate lebo yako."

"Lita kumi na moja."

"Si na wewe ulikuwa unaongeza maji kila mwaka? Nilikuwa nakuona tangu mtoto. Kikombe, maji, kikombe, maji. Nilidhani nakurahisishia."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Miaka arobaini na tisa kwenye ghala lile, na mwanawe wa kumzaa alichoona ni mwanamke anaongeza maji. Baba yake alimfundisha njiwa. Alimfundisha kupanda kibandani, kunyamaza, kulenga. Hakuna aliyemwambia kwamba pale chini, kwenye giza, mama yake alikuwa anafanya kazi, na mama yake mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kujisifu mezani. Nilimkasirikia Régis, lakini nilimkasirikia zaidi Aimé, na kama angekuwa hai ningempiga ngumi pale pale. Kumkasirikia marehemu ni rahisi sana, hawezi kukuuliza wewe ulikuwa wapi.

"Kulikuwa na daftari," Solange akasema. "Lipo pale kwenye msumari, miaka yote lipo pale. Uliwahi kulifungua?"

"Mama, samahani. Kweli samahani."

"Hukulifungua."

Ndipo Lescarret akakohoa kwa adabu. "Mama, tusijipe presha. Kusema kweli nami niliisikia hiyo kidogo. Itatulia. Nikiiweka kwenye chupa, ikae miezi sita, wateja wangu hawatajua. Nainunua vile vile. Makubaliano yetu yapo palepale, na lebo yako hii hapa."

Solange akamgeukia taratibu. "Uliisikia?"

"Kidogo."

"Uliisikia ukaniambia plamu na ngozi na mkono wa Aimé."

"Kwa heshima, mama."

"Heshima gani? Angekuwa Aimé amesimama hapa, ungemwambia nini?"

Lescarret akatabasamu, akidhani wanataniana. "Aah, Aimé? Ningemwambia mzee, umeniharibia safari, hii kanywe mwenyewe!"

"Umeona," Solange akasema. "Yeye ungemtukana. Mimi unanibembeleza. Nimengoja miaka thelathini na minane mtu anionje kama mtu mwenye kazi yake, umekuja wewe, umenipapasa kichwa."

Nikasogea, nikamshika kiwiko, nikasema, "Tulia kwanza, shemeji," na mara neno lilipotoka nikatamani kulirudisha. Akakivuta kiwiko chake.

"Na wewe nyamaza, Firmin. Wewe ulijua kuliko wote. Umekula mezani kwangu miaka thelathini na saba unamsikiliza anasema itafika mbali, itafika mbali, na wewe unatikisa kichwa. Leo ndiyo unanishika mkono?"

Nikaurudisha mkono wangu mfukoni.

Régis alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Lescarret akaangalia saa bila kuonekana anaangalia. Pale ubaoni karatasi ilikuwa ingali imekaa, herufi zake nzuri, jina ambalo lilikuwa halijawahi kuchapishwa popote isipokuwa kwenye kadi ya kura. Solange angeweza kuichukua. Nataka mnielewe hapo. Hakuna mteja hata mmoja huko mjini ambaye angesema sabuni. Chupa zingekaa kwenye rafu zimeandikwa Solange, angeziona kwa macho yake kabla ya kufa, na Lescarret alikuwa tayari, na kijana wake alikuwa akiomba kwa macho achukue ili na yeye apone. Nilimwona anaitazama. Nilimwona jinsi anavyoitaka.

Akaichukua, akampa Lescarret mkononi.

"Una kalamu?"

"Ninayo, mama."

"Futa hilo. Andika Aimé."

Lescarret akacheka kidogo, kisha akaona yuko peke yake.

"Nzuri zangu zote mmeandika Aimé," Solange akasema. "Kila moja. Medali, gazeti, kila kitu. Basi na hii mbovu ni yake. Mimi siweki jina langu kwenye kitu kilichoharibika, hata kama ndicho cha mwisho, hata kama hamna kingine. Andika."

"Mama, usifanye hivyo," akasema Régis. "Tafadhali. Ulikuwa unalitaka."

"Nilikuwa nalitaka. Bado nalitaka. Andika, bwana."

Akaandika. Alipiga mstari mmoja juu ya Solange na kuandika Aimé hapo juu, mwandiko wa kupendeza, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyeondolewa tatizo. "Kusema kweli," akasema huku akifunga kalamu, "hili litauzika vizuri zaidi."

"Najua," akasema Solange.

Akakunja kitambaa chake. Akatupa brandi iliyobaki kwenye glasi nne, moja baada ya nyingine, kwenye udongo wa sakafu. Halafu akatutazama sisi watatu, mnunuzi, mwanawe na mimi, akauonyesha mlango.

"Sasa litoeni hilo pipa kwenye ghala langu."